Ndoo ya Pili: Taka za Jikoni na Uwanjani Ziishie Shambani, si Dampo

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulishika kwa mikono yake kila siku, kisha hulitupa pasipo kulifikiria: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, majani ya mchicha yaliyonyauka, magunzi ya mahindi, na majani tunayofagia uwanjani kila asubuhi. Hizi zote tunaziita taka. Nia yangu leo ni kuwaonesha kwamba vitu hivi haviwi taka kwa sababu vimeoza. Vinakuwa taka kwa sababu tumevichanganya. Ganda la ndizi likiwa peke yake ni chakula cha udongo. Likitiwa katika ndoo moja na chupa iliyovunjika, betri ya tochi na nepi ya mtoto, haliwezi tena kumfaa mtu yeyote, na gharama ya kulisafirisha tunailipa sisi sote.

Kiasi tunachokitupa

Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu duniani ilikadiria kuwa mkazi wa Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Taarifa hiyo ilionesha pia kuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani.

Tufanye hesabu ya nyumba moja yenye watu watano. Kwa makadirio hayo, nyumba hiyo hutoa zaidi ya kilo mbili za taka kwa siku, na zaidi ya kilo moja kati ya hizo ni vitu vinavyooza. Kwa mwaka mzima, nyumba hiyo hutoa zaidi ya kilo 400 za maganda, mabaki na majani. Hata tukikubali kwamba vitu hivyo hupungua uzito kwa zaidi ya nusu vinapooza, bado nyumba ingeweza kubakiwa na kilo mia moja na ushee za mboji kila mwaka, bila kununua chochote. Badala yake, mzigo huo hupakiwa kwenye gari ukiwa umelowa maji, na tunanunua mafuta ya kulipeleka gari hilo dampo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha tunazotumia kuzoa taka hutumika kubeba maji na kitu ambacho kingekuwa udongo.

Dampo halisahau

Wapo wanaosema kwamba vitu vinavyooza havina madhara, kwa kuwa vitaoza huko huko dampo. Ni kweli vitaoza, lakini kuoza kuna namna mbili.

Palipo na hewa, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho hula mabaki hayo na kuyageuza udongo mweusi wenye rutuba. Pasipo na hewa, chini ya lundo lililoshindiliwa, mabaki huoza kwa namna nyingine. Hutoa uvundo, na hutoa gesi ya methani, ambayo katika kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia takribani mara 28 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito sawa. Gesi hiyo huwaka, na ni moja ya sababu za moto unaofuka kwenye madampo kwa siku nyingi. Maji machafu nayo huchuruzika kutoka chini ya lundo na kuelekea kwenye mito na visima.

Lundo hilo linaweza pia kuua. Mwezi Machi mwaka 2017, dampo la Koshe jijini Addis Ababa, Ethiopia, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Mwezi Agosti mwaka 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi jijini Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda, liliporomokea makazi ya watu na kuua zaidi ya watu 30. Dampo letu halijafikia ukubwa wa hayo, na siyasemi haya ili kumtisha mtu. Nayasema kwa sababu madampo hayo nayo yalianza yakiwa madogo. Yalikua ndoo kwa ndoo, kutoka majumbani.

Moto nao si jibu. Ni desturi yetu nzuri kufagia uwanja kila asubuhi, lakini imefuatana na desturi nyingine isiyo nzuri, ya kuyachoma majani tuliyoyafagia. Majani yakiungua, kirutubisho cha naitrojeni huondoka na moshi, na mazao yetu hukosa kile yanachokihitaji zaidi. Kinachobaki ni majivu machache yenye madini kama potashi na chokaa. Moshi wenyewe tunauvuta sisi na watoto wetu.

Hekima hii ni ya nyumbani

Kurudisha mabaki ardhini si jambo geni lililoletwa na wataalamu. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima milima mikali kwa vizazi vingi kwa kilimo cha ngoro. Hufyeka nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatizana mfano wa miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Nyasi huoza chini ya matuta na kurutubisha mazao, na mashimo yanayobaki hukinga maji ya mvua yasisombe udongo. Wachagga wa Kilimanjaro nao wametunza vihamba vyao kwa samadi ya mifugo wa zizini na majani ya migomba yanayoachwa yaoze pale pale yalipoota. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ambako ardhi ni ndogo na watu ni wengi, wenyeji walisifika tangu zamani kwa kukusanya samadi kwa uangalifu na kuirudisha shambani.

Wazee hao hawakuwa na neno taka kwa jani la mgomba. Sisi tumelipata neno hilo pamoja na mifuko, makopo na plastiki, na kwa kuwa vyote tunavitia katika ndoo moja, tumeliita jani kwa jina la plastiki.

Ndoo ya pili

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji jembe wala shamba. Inahitaji ndoo ya pili jikoni. Ndoo moja ipokee vinavyooza, nyingine ipokee visivyooza. Waswahili husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa mambo ni kinyume, kwa kuwa kinachoharibu lundo la vinavyooza ni kile kisichooza. Kipande kimoja cha kioo kitakata mkono wa anayepalilia bustani miaka mitano ijayo.

Katika ndoo ya vinavyooza tieni maganda ya matunda, ndizi, viazi na mihogo, mabaki ya mboga, machicha ya nazi, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Msitie nyama, samaki, mifupa wala vyakula vyenye mafuta mengi, kwa kuwa huita panya, mbwa na nzi. Msitie kinyesi cha binadamu, cha mbwa au cha paka, wala nepi. Msitie mimea yenye ugonjwa wala magugu yaliyokwisha kutoa mbegu. Betri, makopo ya dawa za kuulia wadudu na vioo visikaribie kabisa.

Kutengeneza lundo

Mwenye uwanja achague mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na kisima na mbali na dirisha la jirani. Lundo linalofaa lina upana wa mita moja, urefu wa mita moja na kimo cha mita moja hivi. Likiwa dogo sana halipati joto, na likiwa kubwa sana hewa haifiki katikati.

Siri ya lundo ni kuchanganya vikavu na vibichi. Vikavu ni majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, nyasi kavu na pumba za mpunga. Vibichi ni mabaki ya jikoni, majani mabichi na samadi. Kwa kila ndoo moja ya vibichi, tieni ndoo mbili au tatu za vikavu. Wakulima wengi hujaribu mara moja na kukata tamaa kwa sababu hutupa mabaki ya jikoni peke yake. Mabaki hayo hulowana, hushikamana, hukosa hewa na kunuka. Lundo linalonuka linaomba vikavu.

Anzeni chini kwa tabaka la mabua au vijiti ili hewa ipite. Juu yake pangeni vikavu, kisha vibichi, kisha nyunyizeni samadi au udongo kidogo wa bustani, ambao ndani yake wamo wale viumbe wadogo watakaofanya kazi. Majivu ya jikoni yanafaa kwa kiasi kidogo tu. Endeleeni hivyo mpaka kimo kitimie, mkinyunyizia maji kila tabaka. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa: ukifinya konzi ya mchanganyiko huo, mkono ulowe lakini maji yasitiririke. Mwisho, funikeni lundo kwa majani ya migomba, nyasi au turubai kuukuu, ili jua lisilikaushe na mvua isilioshe.

Chomekeni fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoeni na kuishika. Ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Lundo lililopangwa vizuri hufikia nyuzi joto 55 hadi 65, na joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Ikiwa fimbo ni baridi na kavu, ongezeni maji na vibichi. Ikiwa ni baridi, imelowa na inanuka, ongezeni vikavu na kulipindua lundo.

Pindueni lundo baada ya wiki mbili, yaliyokuwa nje yaingie ndani, kisha rudieni kila baada ya wiki mbili. Katika hali yetu ya joto, mboji huwa tayari baada ya miezi miwili hadi mitatu. Mtaitambua: ni nyeusi, inachanguka mkononi, haina joto tena, nayo hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Msiwe na haraka. Mboji isiyoiva hunyang'anya udongo naitrojeni inapoendelea kuoza, na miche hugeuka rangi ya manjano, kisha mkulima huilaumu mboji.

Kwa wapangaji

Najua wengi mnaoishi karibu na soko na stendi mna chumba na baraza tu. Kwenu lundo ni salfeti, yaani kile kiroba kilichokuwa na mchele au unga. Kitoboeni matundu pembeni na chini, na mkiweke juu ya matofali mahali penye kivuli. Kila mnapotia mabaki ya jikoni, yafunikeni kwa majani makavu au maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala, pamoja na konzi moja ya udongo. Kikijaa, kifungeni na kukiacha kiive, nanyi mwanze kujaza cha pili. Hakitapata joto la lundo kubwa na kitachukua muda mrefu zaidi, lakini mboji itapatikana. Itatosha kuoteshea mchicha, sukuma wiki au nyanya katika viroba vingine hapo hapo barazani. Asiyehitaji mboji anaweza kumpa ndoo yake ya vinavyooza jirani mwenye bustani. Muhimu ni kwamba ndoo hiyo haikuchanganywa.

Maswali yanayoulizwa

Swali la kwanza ni la haki, nami sitalikwepa: ikiwa tunalipa ada ya taka, kwa nini tufanye kazi hii wenyewe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia na kupunguza taka ngumu katika maeneo yao. Jukumu hilo halihamii kwa mwananchi kwa sababu ametengeneza mboji. Mnayo haki ya kudai gari lije siku iliyopangwa, na kuuliza katika mikutano kama huu ada yenu imefanya kazi gani. Lakini gari linalobeba majani na maganda hujaa mapema na kugeuza njiani kabla ya kumaliza mitaa. Likibeba visivyooza tu, litafika nyumba nyingi zaidi kwa safari ile ile na kwa mafuta yale yale. Ndoo ya pili haiondoi wajibu wa Halmashauri. Inafanya wajibu huo uwezekane.

Swali la pili ni la panya, nyoka na nzi. Hofu hii ina msingi. Lundo lililoachwa wazi, lenye mabaki ya samaki, litawaita wote hao. Lundo lisilo na nyama, lililofunikwa na kupinduliwa kila baada ya wiki mbili, haliwapi chakula wala utulivu. Tumieni uma au jembe mnapolipindua, wala si mikono mitupu. Vaeni viatu vilivyofunika miguu, na naweni mikono kwa sabuni mkimaliza. Jirani akilalamika kuhusu harufu, msikilizeni. Pengine pua yake imetambua kabla yenu kwamba lundo limekosa vikavu.

Swali la tatu huulizwa na wakulima: je, mboji itachukua nafasi ya mbolea ya dukani? Nisiwadanganye. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni asilimia 46, ilhali mboji nzuri ya nyumbani ina asilimia moja hadi mbili tu. Kwa ekari kadhaa za mahindi, mboji ya jikoni haitoshi. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, na Serikali yetu ikaanzisha ruzuku ili mkulima asishindwe. Hata hivyo, mboji hufanya yale ambayo urea haiwezi. Hushika maji ardhini katika kiangazi, hulegeza udongo mgumu, huushikanisha udongo wa kichanga, na huilisha ardhi polepole. Kwa bustani ya nyumbani, kwa mashimo ya migomba na kwa vitalu, inatosha. Koleo moja katika shimo la mche, au tabaka la sentimita mbili hadi tatu juu ya tuta la mboga, ni mwanzo mzuri.

Swali la nne haliulizwi kwa sauti, nami nitaliuliza kwa niaba ya wasiolisema: nani atafanya kazi hii? Mara nyingi anayepika ndiye anayefagia, ndiye anayeteka maji, na sasa ataambiwa apindue lundo. Ndugu zangu akina baba, na ninyi vijana wa kiume, kulipindua lundo la mita moja ni kazi ya mgongo na ya nusu saa, mara moja kila baada ya wiki mbili. Kazi hiyo isimwangukie mama peke yake. Watoto wanaweza kutenga taka katika ndoo mbili, na mtoto aliyezoea kutenga hatachanganya akiwa mtu mzima.

Tunaweza kubadili desturi

Tarehe 1 Juni 2019 matumizi ya mifuko ya plastiki yalipigwa marufuku nchini. Wengi walisema haitawezekana, kwamba mtu hawezi kwenda sokoni bila mfuko wa plastiki. Leo tunakwenda na vikapu na mifuko mbadala, na mtoto wa darasa la kwanza hakumbuki hali nyingine. Katika jiji la Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kituo cha kutengeneza mboji huko Mabwepande kwa kutumia taka za masokoni. Kituo cha namna hiyo hutegemea jambo lile lile linalotegemewa na salfeti ya barazani, yaani taka zilizotengwa kabla hazijachanganyika. Hakuna mashine itakayotoa kioo katika mboji kwa wepesi kama mkono wako jikoni kabla hujakitupa.

Ndugu wananchi, siwaombi kila nyumba ianze lundo kesho. Nawaomba kila nyumba iwe na ndoo ya pili kuanzia leo jioni. Mwenye uwanja aanze lundo kabla ya mvua, akiwa bado na majani makavu ya kutosha. Asiye na uwanja atafute salfeti mbili. Atakayekwama amwendee Afisa Kilimo wa Kata kwa mambo ya lundo na bustani, na Afisa Afya kwa mambo ya usafi na malalamiko ya majirani. Kuwahudumia ninyi ndiyo kazi yao. Na wenyeviti wa vitongoji, tunapokutana tena, naomba ajenda ya taka isiwe ya gari peke yake. Tuulizane pia ni nyumba ngapi katika kila kitongoji zina ndoo mbili.

Haba na haba hujaza kibaba. Dampo limejaa kwa njia hiyo, na ardhi yetu inaweza kurudishiwa rutuba yake kwa njia hiyo hiyo.